Kabla ya Neno la Kwanza: Majibu kwa Wazazi wa Watoto Wadogo Wenye Usonji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtoto wangu ataongea lini? Mzazi ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini kabla ya neno la kwanza mtoto huwa na kazi kubwa anayoifanya bila neno: kukutazama, kukupa kitu, kukuonyesha kwa kidole, kungoja zamu, kurudi kukutafuta ili mchezo uendelee. Kwa mtoto mwenye usonji (autism, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na watu) ugumu mkubwa uko hapo, na msaada wa mzazi unafaa zaidi hapo hapo. Ndiyo maana majibu yetu mengi ya leo yanahusu mambo ambayo hayana maneno.

SWALI: *Kijana wangu ana miezi 20, hasemi kitu. Akitaka jambo hunishika mkono, hunivuta hadi kabatini na kuurusha mkono wangu juu. Usoni hanitazami. Nikimwita hageuki, lakini akisikia mlango wa jokofu huja mbio. Mawifi wanasema wavulana huchelewa, nisubiri afike miaka mitatu. Nisubiri?*

JIBU: Usisubiri, mama. Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema tu, lakini hao hufidia kwa mwili: wanaonyesha kwa kidole, wanakuletea kitu ukione, wanatikisa kichwa kukataa, wanakutazama kuhakikisha umeelewa. Ulichoeleza ni kitu kingine. Mtoto anautumia mkono wako kama chombo bila kukuhusisha wewe mwenyewe. Kwa kawaida mtoto wa miezi 9 hugeuka anapoitwa, karibu na mwaka mmoja hupunga mkono, na kufikia miezi 18 huonyesha kwa kidole kitu kilichomvutia, hata kama hakitaki, ili nawe ukione. Hicho kidole cha "hebu ona" kikikosekana katika umri huo, ni sababu tosha ya kwenda kuonana na daktari wa watoto.

Anzeni na kipimo cha usikivu. Kukimbilia mlango wa jokofu si ushahidi kwamba masikio ni mazima. Mtoto anaweza kusikia kishindo na asizipate sauti laini za usemi kama *s* na *f*. Pia majimaji yakijaa nyuma ya kiwambo cha sikio, usikivu hupungua wiki hii na kurudi wiki nyingine. Mkiambiwa bado ni mdogo mno kupimwa, ulizeni kipimo kinachofanyika mtoto akiwa amelala, ambacho mashine husoma mwitikio wa mshipa wa fahamu wa kusikia. Hata mtoto mchanga hupimwa.

Kisha ombeni M-CHAT-R, dodoso ambalo wazazi hulijibu ili kuchuja dalili za usonji. Lina maswali 20 ya ndiyo au hapana na limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 zinahitaji mahojiano ya pili ili kuhakikisha. 8 na kuendelea, mtoto hupelekwa moja kwa moja kwa uchunguzi kamili. Dodoso lenyewe halitamki kwamba mtoto ana usonji, huchuja tu. Wazazi wengi hukosea mahali pamoja: hujibu "ndiyo" kwa jambo ambalo mtoto alilifanya mara mbili tatu tangu azaliwe. Maelekezo yanasema kama mmeliona mara chache na si kawaida yake, jibu ni "hapana". Msimpambie.

Na hili ni kwa kila msomaji: mtoto akipoteza maneno, kupunga mkono au uchangamfu aliokuwa nao, awe na umri wowote ule, aonwe na daktari wiki hiyo hiyo.

Mkiwa kwenye foleni ya uchunguzi, anzeni michezo iliyoelezwa hapa chini. Haihitaji cheti cha mtu, wala haimdhuru mtoto ambaye baadaye ataonekana hana usonji.

SWALI: *Binti yangu ana miaka miwili na miezi miwili, imethibitishwa kuwa ana usonji. Kutwa nzima anapanga vigari mstari. Nikikaa karibu ananisukuma, nikimletea kitu kingine hakitazami. Nitachezaje na mtoto asiyetaka kucheza?*

JIBU: Baba, anacheza. Ni wewe ambaye bado hujapata nafasi katika mchezo wake, na huenda anakusukuma kwa sababu kila unapokuja unachukua kigari au unaharibu mstari.

Tafuta vigari vyako mwenyewe, vinavyofanana na vyake. Zima televisheni, ondoa vitu vingine, bakiza vya aina mbili au tatu tu. Kaa sakafuni ukimkabili, mbali naye kidogo kupita urefu wa mkono wake, macho yako yakiwa usawa wa macho yake au chini zaidi. Ukimkalia pembeni au mgongoni hawezi kuuona uso wako hata akitaka. Sasa nyamaza dakika moja au mbili umtazame: anashika vipi, anasita wapi, anatoa sauti gani.

Halafu muige. Panga mstari wako sambamba na wake. Akigonga kigari chini, gonga chako. Akisema "aa", sema "aa", kisha ungoje. Usimwite wala usimsifu. Unachokisubiri ni kidogo sana: jicho la nusu sekunde, kusita, au kurudia tendo huku akikuchungulia kuona kama utaliiga tena. Akilirudia makusudi, mmeshaanza mazungumzo. Yeye kasema, wewe umejibu, yeye kasema tena.

Hatua inayofuata ni kumfanya aone faida ya wewe kuwepo. Shika vigari vya akiba umpe kimoja kimoja, ukikipitisha karibu na kidevu chako kabla ya kumkabidhi, huku ukisema neno moja: "Gari." Mpe vitano au sita bila kumchelewesha. Cha saba kishike kidogo, umtazame kwa uso wa kutarajia, mdomo umefunga. Akinyoosha mkono, akitoa sauti au akikutupia jicho, mpe papo hapo.

Mambo yakienda vizuri kwa siku kadhaa, ongeza badiliko moja. Kigari chako kipite juu ya boksi, kwa mfano. Akikirudisha kwenye mstari, kubali, endeleeni na mstari, jaribu tena baadaye. Wengi huharibu hapa kwa kuleta mabadiliko matatu kwa mpigo.

Kuhusu maneno yako: mtoto ambaye hana neno azungumziwe kwa neno moja moja, mengi sana mawili. "Gari." "Limeanguka!" "Juu." Akifika neno moja, wewe sogea kwenye mawili. Maswali ya "hii ni nini?" na "rangi gani?" yageuze yawe kauli. Mtoto anayeulizwa mfululizo hujifunza kwamba watu wazima huja kumtahini, na akiona wamekuja huondoka.

Dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, zinashinda saa nzima ya kung'ang'aniana. Tumieni pia yale mnayoyafanya kila siku: kuvaa, kuoga, kupanda ngazi. Simama kabla ya mguu wa pili wa suruali, ngoja aunyooshe mwenyewe.

Na ujirekodi. Katika utafiti uitwao PACT uliofanyika Uingereza kwa watoto 152 na kuchapishwa katika jarida la *Lancet* mwaka 2010, wazazi walikaa na mtaalamu wakatazama video zao wenyewe wakicheza na watoto. Kilichobadilika zaidi ni wazazi: waliitikia zaidi yale anayoyafanya mtoto na kuamrisha kidogo, na watoto nao wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Walipofuatiliwa karibu miaka 6 baadaye, ripoti ya 2016 ilionyesha dalili za watoto hao zilikuwa pungufu kuliko za wenzao ambao hawakuipata huduma hiyo. Usonji haukuondoka, na hilo halikuwa lengo. Wewe weka simu rafuni, rekodi dakika tatu, kisha hesabu: mara ngapi umeamrisha au kuuliza, mara ngapi umejibu alichokianzisha yeye? Idadi ya pili ikizidi ya kwanza, uko njiani.

SWALI: *Niliambiwa niweke vitu anavyovipenda mahali asipofika ili alazimike kuniomba. Sasa akivikosa anajipigiza kichwa sakafuni. Nimekosea wapi?*

JIBU: Ushauri wenyewe una msingi, dada, lakini kwa kawaida huelezwa nusu. Kumbania mtoto kitu huleta mawasiliano pale tu anapoweza kutoa ishara unayoitaka, na anapoona kwamba ishara hiyo inafanya kazi haraka. Ukimtaka aseme "naomba" wakati hajafikia hata kunyoosha mkono, umemfungia mlango usio na kitasa, na kilio ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwake.

Maji, chakula, usingizi na kubembelezwa visibaniwe kamwe. Tumia vitu vya ziada vya furaha tu. Chupa ya mapovu ya sabuni inafaa sana kwa sababu mapovu hupasuka na kwisha, na mtoto peke yake hawezi kuyapuliza. Puliza mara tatu bila masharti yoyote. Kisha kaza kifuniko, ishike chupa usawa wa kifua katikati yenu, uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Mtoto anayechelewa kujipanga mpe hadi 10. Kubali chochote: jicho, mkono, sauti, kuisukuma chupa kuelekea kwako. Puliza ndani ya sekunde moja, ukisema "Puliza!" Usipopata kitu, mtu wa pili aliyekaa nyuma ya mtoto amsaidie kwa upole kuisogeza chupa kwako, bila kusema lolote, na wewe upulize. Safari inayofuata ampunguzie msaada: amguse kiwiko tu badala ya mkono mzima.

Akianza kulia kabla hujamsaidia, ujue umengoja kupita kiasi. Puliza mara moja, na safari ijayo fupisha kimya chako. Usipandishe masharti mpaka ile ishara ndogo aitoe kwa urahisi karibu kila mara.

Mfundishe pia kukataa, jambo ambalo hupuuzwa sana. Mpe kitu asichokipenda. Akikisukuma kwa mkono au kugeuza uso, sema "Hapana" kwa sauti ya kawaida na ukiondoe hapo hapo. Mtoto ambaye "hapana" yake inaheshimiwa hana haja kubwa ya kupiga mayowe.

Kama kujipigiza kichwa kunatokea hata pasipo kunyimwa kitu, au kumeanza ghafla, daktari amchunguze masikio, meno na tumbo. Mtoto asiye na maneno hana njia ya kusema panauma.

SWALI: *Hajui kuonyesha kwa kidole. Kunafundishika?*

JIBU: Ndiyo. Ila kuna kidole cha kuomba na kidole cha kushirikisha, na cha kwanza ni rahisi zaidi.

Kwa cha kuomba, shika vitu viwili, kimoja anakipenda na kingine hakimhusu, mkono huu na huu, umbali wa kama sentimita 30 kati yake. Ataparamia anachokitaka, mpe. Baada ya siku chache virudishe nyuma kidogo asivifikie, ili kule kuparamia kubaki mkono ulionyooshwa hewani. Hapo mkunjie vidole vingine taratibu kibaki cha shahada, halafu mpe kitu. Wakati wa michezo mingine kizoeshe kidole chenyewe kazi: kupasua povu, kubonyeza kitufe, kugusa picha kitabuni. Akishindwa kukitenga kidole, kiganja kizima kinakubalika. Kunyoosha na kukutazama ndiko tunakokutafuta, umbo la mkono litajirekebisha.

Cha kushirikisha huanzia kwa yeye kufuata kidole chako. Gusa picha kabisa kwa ncha ya kidole, kisha onyesha ukiwa umeiacha sentimita chache, halafu kitu kilicho nusu mita, baadaye upande wa pili wa chumba. Vitu vilivyo nyuma yake viwe vya mwisho, hivyo ni vigumu kuliko vyote. Kila unachoonyesha kiwe na thamani ya kutazamwa: mdoli aliyewekwa juu ya mlango, taa inayowaka ghafla. Ukisema "angalia, angalia" mara kumi kwa mambo yasiyo na maana, mwaliko wako utakosa thamani. Na njia fupi kuliko zote ni kinyume chake: yeye akitazama kitu, wewe kitazame, kionyeshe, kitaje. "Ndege!" Bila kumtaka afanye lolote.

SWALI: *Mimi ni bibi yake. Tunamshika kidevu tukimwambia "nitazame", lakini anazidi kukwepa. Na jina tunaliita mpaka koo linakauka.*

JIBU: Shikamoo bibi. Kidevu mwachieni. Watu wazima wengi wenye usonji wameeleza kwamba kulazimishwa kutazamana macho huwaumiza na huwazuia kusikia kinachosemwa. Anaweza kuwa nawe kwa kukutazama upande upande, kwa kukusogelea, kwa kukuwekea kitu mkononi. Hayo yote yahesabuni.

Jina nalo lipumzisheni. Likiitwa mara ishirini bila kufuatiwa na kitu, au likiitwa tu anapokatazwa, hugeuka kelele za nyumbani. Msogelee hadi umbali wa mita moja, ukiwa umeficha kitu anachokipenda. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya uchangamfu. Ngoja sekunde tatu. Asipogeuka, mguse bega. Akigeuka, mpe. Mara tano au sita kwa siku zinatosha, na kila mmoja nyumbani ajizuie kuliita jina bure.

SWALI: *Nyumbani tuna lugha mbili. Tumeshauriwa tubakishe moja.*

JIBU: Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Kila mtu atumie lugha anayoweza kuchezea, kuimbia na kubembelezea bila kutafuta maneno.

SWALI: *Katuni za simu zinamtuliza, na anakariri namba na herufi zote. Je, si ni kujifunza?*

JIBU: Anakariri, lakini katuni haingoji zamu yake wala haijibu jicho lake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa 1 kwa siku. Msikate ghafla. Anzeni na muda mmoja wa siku, na papo hapo awepo mtu sakafuni na mchezo ulio tayari. Wimbo wa katuni anaoupenda mwimbieni ninyi, kisha mnyamaze kabla ya neno la mwisho la mstari.

SWALI: *Ana miaka miwili na nusu. Nikimuuliza "Unataka maji?" ananijibu "Unataka maji?" Mara nyingine anatoa sentensi nzima za katuni bila mpangilio. Anakariri kama kasuku tu?*

JIBU: Hapana, mama, anaongea. Amepokea sentensi nzima kama kipande kimoja, na anaitumia kwa jambo iliyoambatana nalo: kila ikisemwa "unataka maji?", maji huja. Tangu miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani Barry Prizant na wenzake walionyesha kwamba marudio ya aina hii yana kazi: kuomba, kukataa, kushika zamu, kujituliza.

Kwa hiyo mpe sentensi iliyo katika nafasi yake yeye. Unapompa kikombe usiulize. Sema "Nataka maji" kwa niaba yake, kwa sauti ya kawaida, umpe. Usimwambie "sema nataka maji", maana ataanza na hilo "sema". Sentensi za katuni ziandikie daftari: kasema nini, imetoka wapi, wakati huo kulikuwa na nini. Baada ya wiki mbili tatu mara nyingi utagundua kwamba "Twendeni, mlango unafungwa!" huja kila anapotaka kutoka mahali penye kelele. Hapo mjibu kwa maana yake: "Kelele. Tutoke." Na mtoke.

SWALI: *Mtaalamu wa tiba ya usemi ametupa kadi za picha. Mama mkwe anasema zitamfanya mvivu wa kusema.*

JIBU: Hofu hiyo inaeleweka, na imechunguzwa. Mapitio ya tafiti hayajaona usemi ukipungua kwa sababu ya picha au ishara za mikono. Kwa baadhi ya watoto uliongezeka, ingawa si kwa kiasi kikubwa.

Matumizi yake ndiyo yanayoharibu mambo. Mfumo wa kubadilishana picha unaojulikana zaidi, PECS, ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na hatua yake ya kwanza inataka watu wazima wawili. Mmoja amkabili mtoto akiwa na kitu kinachopendwa. Mwingine akae nyuma, amsaidie mtoto kuokota picha na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele, bila kutamka neno. Wa mbele akishapokea tu, ataje kitu na kukitoa mara moja. Kosa la kawaida ni wa mbele kuuliza "unataka nini?" au kutanguliza kiganja kabla mtoto hajaigusa picha. Mtoto hujifunza kungoja aulizwe, wakati tulitaka aanzishe yeye.

Anzeni na picha moja tu ya kitu anachokipenda kuliko vyote, yenye upana wa kama sentimita 5, iliyofunikwa plastiki isichanike, na mrudie mara nyingi kwa siku na watu tofauti. Nakala ziwe tele, maana zinapotea. Na zikae pale mtoto anapofikia mwenyewe: picha ya mapovu ukutani usawa wa kifua chake, nyingine kwenye mkoba wa safari, nyingine kwa bibi. Zikifungiwa kabatini hadi siku ya kliniki, atarudi kuuvuta mkono wako.